Chura Ametua

Jumanne, 4 Juni. Asubuhi ya mawingu, hakuna upepo.

Wifi yangu mpenzi,

Watoto hawajambo. Nguo za kaka yako nimeshazikunja. Simu yake tu ndiyo niliyokuwa nikiichaji, kwani marubani wenzake wa ule mchezo wa ndege wa mtandaoni hawakujua kuwa tumemzika. Humo bado alitaniwa kama mtu aliye hai. Walimwita Chura, maana ndege yake ilidundadunda kila ilipotua.

Jana waliitazama video yake ya mwisho.

"Chura, leo umetua bila kurukaruka! Mikono umeazima kwa nani?" aliandika mtani wake mkubwa.

Nikajibu, "Mimi ni mkewe. Amefariki."

"Pole sana, shemeji. Kila nilichomcheka, alienda kukifanyia mazoezi."

Simu sikuichaji tena. Usingizi ulinichukua saa tisa usiku.

Ni mimi, mke wa kaka yako.