Barafu ya Njia ya Pili

Jumatatu, 4 Februari

Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Wajerumani wamejifunga kama vifurushi. Mimi koti wazi. Asubuhi nimetoboa barafu ya ziwa: sentimita sabini na moja. Hata treni itapita! Miaka ishirini na mbili natengeneza barafu ya kujaribia magari. Darasa la saba niliacha njiani, lakini nusu ya breki za Ulaya zimefundishwa adabu hapa, na mimi.

Tuva amefika. Mtoto wa dada yangu — injinia mzima! Ametunga akili ya kompyuta inayoamua kila gurudumu lishike breki kiasi gani, na magurudumu ya nyuma yakunje kiasi gani, gari lisizunguke. Ijumaa bosi wake, Bwana Ruprecht, ataendesha mwenyewe mbele ya wageni. Likizunguka, kazi ya Tuva ya miaka mitatu inang'olewa, wanarudi kwenye mtambo wa zamani.

Nikamwambia asiogope, mjomba yupo.

"Ndiyo maana naogopa," akacheka.

Jumanne, 5 Februari

Njia zetu mbili za majaribio, kando ya ziwa, ziko hivi: magurudumu ya kulia yanapita kwenye lami kavu, yenye mabomba ya joto chini yake. Ya kushoto kwenye barafu tupu. Ukikanyaga breki ghafla, lami inang'ang'ania, barafu inateleza, gari linataka kugeukia kulia. Kompyuta ndiyo ilizuie.

Asubuhi, njia ya pili, lilizunguka mara nne. Mchana Tuva hakugusa chakula. Alikuwa anatazama sahani tu, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Walipokuwa wanakula nikafunga reki ya chuma nyuma ya trekta. Nikapita juu ya ile barafu mara moja. Kidogo tu! Ipate meno. Vumbi la theluji likafunika.

Jioni gari likasimama limenyooka kama rula. Tuva akanikumbatia. Nani angeweza kukwaruza barafu kiasi kile, isionekane? Hakuna. Kaskazini yote hakuna.

Jumatano, 6 Februari

Tuva anaimba. Anasema alikuwa anakunja mno magurudumu ya nyuma, sasa amepunguza.

"Barafu yako imenifundisha, mjomba."

Nikanyamaza. Mimi! Kunyamaza!

Halafu akasema Ijumaa watatumia njia ya kwanza. Ile sijaigusa. Kioo kitupu; kwa hesabu hizo mpya gari litazunguka. Kilomita mia kwa saa, na yeye atakaa kando ya Ruprecht.

Alhamisi, 7 Februari

Sikulala vizuri. Saa ya kahawa, watu wote mezani, vipande vya jibini vikielea vikombeni kama desturi ya huku, nikasimama. Nikasema: Jumanne niliikwaruza njia ya pili kwa reki. Vipimo vya Tuva si vya kweli.

Kisha Ruprecht akauliza, yule samaki wa hadithi zangu, niliyempanda kuvuka ziwa, ndiye aliyevuta reki? Meza nzima ikaangua kicheko. Mmoja akauliza kama samaki ana leseni.

Nikasema naapa. Wakazidi.

Tuva alicheka kidogo tu. Akanifuata mlangoni, sauti ya chini: "Mjomba, na hili nalo unataka liwe lako? Kitu kimoja nimefanya mwenyewe. Kimoja!"

Yule samaki nimemsimulia vizuri mno, miaka yote hii.

Ijumaa, 8 Februari

Theluji imeanguka usiku, kiganja kizima. Saa nne kasorobo asubuhi nikamshika Tuva mkono. Njoo. Akasema, "Si leo, mjomba, wageni wanafika saa nne." Nikasema dakika tano, halafu usiniamini tena maisha.

Akaja hadi njia ya pili.

Trekta sikuchukua. Nikafagia kwa ufagio. Mita moja. Mbili. Mistari ikatokea, imenyooka, kama kitana kimepita kichwani. Tuva akavua glavu, akapiga magoti.

Nikamwacha, nikaingia kibandani kumtengenezea kahawa. Nimemmiminia. Nimemtilia jibini anavyopenda. Inapoa hapa mbele yangu.

Namwona dirishani. Anapitisha kidole kwenye mistari, mmoja mmoja. Kule njia ya kwanza Ruprecht ameshavaa helmeti, injini inanguruma, wageni wanapiga picha. Kiti cha kando yake kiko wazi, mlango umefunguliwa.

Ruprecht anampigia Tuva honi.

Hajainua kichwa. Kidole kimesimama.

Honi tena —