Ubao Aliouchagua Mama

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko, na kile kikohozi kimekuachia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku miili ni mizima. Shemeji yako goti linamsumbua, lakini kazini anakwenda, analalamika njia nzima.

Nimekaa kukuandikia habari za Mama, maana kwenye simu anakwambia yuko sawa tu.

Tangu tumzike Baba, na hakuna anayekulaumu kwa kutofika, Mama hakutulia. Jua likianza kupoa anaacha anachofanya, anatega sikio kwenye dirisha la jikoni. Anasema anasikia vifuko vikitua uani. Unaukumbuka mchezo wao wawili: unasimama mbali, unatupa kifuko kitue kwenye ubao ulioinama, ukibahatika kinatumbukia tunduni. Pu. Halafu kimya. Halafu pu.

Nilidhani ni majonzi. Siku moja nikiwa naosha vyombo, nikasikia mwenyewe. Nikatoka mikono ina povu. Ubao wa Baba ulikuwa umeegemea ukuta, umevimba kwa mvua, na vile vifuko vya mahindi panya walikwisha kuvimaliza. Uani hapakuwa na mtu.

Sikumwambia. Niliamua tutafute seti mpya, watu walio hai wapige kelele pale, ile sauti ikose nafasi. Mama akakubali haraka kuliko nilivyotazamia.

Dukani tulioneshwa mbao zinazong'aa rangi. Muuzaji alizisifu mpaka koo likamkauka. Nikabonyeza katikati, zikabonyea. Nikatupa kifuko, kikadunda kikaangukia miguuni mwangu. Mama akasema, "Hii sinia, mwanangu, siyo ubao," tukaondoka.

Tukaenda kwa seremala wa nyuma ya soko. Huyo anajua kazi. Plaiwudi yake ni nene, chini ameipigilia mti wa kukingama isitetemeke, miguu inakunjwa na kukazwa kwa boliti. Uso ameupiga msasa, kifuko kinateleza kidogo kisha kinakaa. Vifuko alitushauri viwe vya turubai zito, mshono mara mbili, ndani punje za plastiki. "Mahindi yakilowa yataota, mama," akasema, akacheka. Nikacheka naye, Mama hakucheka.

Mama hakutazama kitu. Alifumba macho, akaomba nitupe kifuko cha majaribio cha seremala kwenye kila ubao.

"Siyo," akasema. Nikatupa kwingine. "Siyo."

Pembeni palikuwa na ubao mmoja wa mti mzito, haujapakwa rangi. Nilipotupa pale, mwili ulinisisimka kabla hajasema neno. Ilikuwa ni sauti ile ile.

"Huo," akasema.

Nikamsogeza kando seremala asisikie. "Mama, si tumekuja ili usiisikie tena?"

"Nani kakwambia sitaki kuisikia?" Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyekosa adabu. "Ilikuwa inafifia. Siku hizi nilikuwa nabahatisha tu."

Tuliubeba huo huo, na seremala akatuchongea wa pili kwa mti ule ule.

Sasa kila alasiri anatoka. Vifuko vyekundu ni vyake. Vya bluu anavipanga upande wa pili. Anatupa kimoja, anasubiri kiasi cha mtu mwenye mgongo mbovu kama wa Baba kuinama na kujinyoosha, ndipo anatupa kingine. Anakula vizuri, usingizi umerudi. Mimi ndiye nisiyeupata.

Jana nikamuuliza kama mzaha, "Nani anaongoza?"

"Baba yenu," akasema. "Na bado anavuka mstari wa kutupia."

Akaingia ndani kuinjika chai. Nikaenda kuokota vifuko. Vyekundu vilikuwa vimetapakaa kwenye majani. Vya bluu vilikuwa juu ya ubao, kimoja kinaning'inia ukingoni mwa tundu. Huenda alivitupa yeye nikiwa nimegeuka. Sijamuuliza, na nisingependa uniulizie.

Ukipata likizo, njoo. Usije kwa ajili ya mchezo, njoo ukae nami pale jikoni jua likipoa.

Mama anakusalimu sana. Shangazi mshonaji, aliyetushonea vile vifuko, anasema hujamjibu. Shemeji yako naye anakupa mkono. Nisalimie wifi, uwabusu watoto.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na nyumba yako iwe na utulivu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuwaza kila siku.