Jani la Sale na Bei ya Nyumba ya Mama

Moshi, Jumamosi, mwezi wa saba, 2006

Baridi imeshika tangu alfajiri, manyunyu hayakatiki, na mlima haujaonekana leo siku ya nne. Nimekuja kuandikia hapa intaneti kafe kwa sababu nyumbani, mtaa wa Soweto, nitalia, na leo sitaki kulia. Leo nina furaha mbaya.

Nyumba ya mama inauzwa. Ni ile ghorofa ya zamani pale mjini, yenye veranda ya mbao juu na mwaka wa kujengwa uliochongwa juu ya mlango na Mhindi aliyeijenga. Familia sita zinakaa humo, choo kimoja, bomba moja, na ngazi inayolia kila ukikanyaga. Bati limeoza na sina uwezo wa kulibadilisha. Dalali alizunguka na daftari lake, akagonga kuta, akaniambia, "Dada, hapa unauza kiwanja, kuta ni nyongeza tu. Milioni themanini, usishuke."

Nyongeza! Mama alizitolea jasho hizo kuta. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kuingia, alibeba marobota mpaka soko la Sanya Juu, miaka na miaka, hadi Mhindi alipotaka kuhama nchi akamwuzia yeye.

Wiki iliyopita wapangaji walikuja na bei yao: sitini, ya kuchangishana. Walitumwa na Bi Mwanaidi, fundi cherehani wa chumba cha chini. Niliwaambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua kuwakatalia.

Na Bi Mwanaidi si mtu wa kukataliwa na mimi.

Baba alipofariki kule Mwika nilikuwa na miaka tisa, mtoto pekee, tena wa kike. Matanga hayajaisha, baba mdogo akapanda mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, katikati ya migomba ya mama. Kwetu sale ndilo mpaka. Likishapandwa, huvuki. Akasema kihamba, shamba la ukoo, hakikai kwa mwanamke asiye na mtoto wa kiume. Tukashuka mjini na furushi moja, na Bi Mwanaidi ndiye aliyetupokea, katika nyumba hiyohiyo, kabla mama hajaota hata kuinunua. Tulilala chini ya meza yake ya kukatia vitambaa.

Mama alipokufa, baba mdogo alikataa azikwe kihambani kando ya mumewe. Yuko makaburi ya mjini, peke yake kati ya watu asiowajua. Mchagga mwenzangu anaelewa hilo lina uzito gani.

Sasa leo. Saa nne dalali akaniambia mnunuzi wa uhakika amefika. Nikasimama verandani kumpokea. Nikasikia ngazi ikilia, nikaona koti la kanisani, fimbo, na jani la sale mkononi.

Baba mdogo.

"Shikamoo," nikasema, maana mama alinilea.

Anataka nyumba kwa ajili ya wanawe wanaopandisha wageni mlimani, waifanye ya kulala wageni. Themanini yote, hakuomba hata senti ipungue. Kisha akaninyooshea lile jani, limepigwa fundo. Sale hilohilo la mpaka ndilo tunaloombea msamaha, na ukiletewa hukatai, hata aliyelileta awe ameua.

"Mwanangu, yaliyopita si ndwele," akasema. "Nimelikata asubuhi hii pale kwenye migomba ya mama yako, ujue nimelitoa nyumbani."

Amelikata kwenye mpaka ule! Mpaka aliotufungia nje ndio aliouchuma kuniombea radhi. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, hata ya kuazima. Hakuna. Mzee wa watu hakuona kitu.

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, baba mdogo."

Akatabasamu, akaanza kuulizia hati ya nyumba.

"Hati haikuhusu," nikamwambia. "Sale linadai msamaha, na nimekupa. Halidai nyumba. Nyumba naiuza kwa Bi Mwanaidi na wenzake, kwa sitini."

Dalali akashika kichwa. Kule chini cherehani ikanyamaza.

Sijifanyi mwema. Kama si kumwona yule mzee, Bi Mwanaidi angekuwa anatafuta chumba kingine saa hizi. Milioni ishirini zimekwenda na maji kwa sentensi moja, na bado sina la kumwambia mume wangu. Lakini nilisimama pale nikamwangalia akishuka, ngazi inalia kila hatua, na haki ya Mungu, nilishiba.

Jani liko hapa kando ya kibodi. Nilisema nimesamehe. Sijasamehe, wala sikaribii. Wazee wanasema anayelikataa sale hupatwa na laana. Sijasikia wanasema nini juu ya anayelipokea kwa uongo.

Kesho nikitoka ibadani nitakwenda makaburini, nilitie jani kwenye udongo wa mama. Migomba ilikuwa yake na aliyefukuzwa ni yeye. Kama kuna wa kusamehe, aanze yeye.