Ninacheka Kando ya Jeneza la Baba

Jumapili jioni, hapa mtaani kwetu Kimumu. Mvua ilianza watu wakitoka kanisani na mpaka sasa haijachoka. Nguo nilizoanika jana zimelowa upya kwenye kamba na sina nguvu ya kuziendea. Nimekasirika. Nalisema mapema ili anayetafuta maneno matamu leo aende blogu nyingine.

Wiki hii nilikuwa nimewaahidi ushauri wa kupiga picha ukiwa safarini na ukiwa nyumbani. Sina moyo wa kuandika, lakini ahadi ni deni, kwa hivyo chukueni.

Baridi ya huku kwetu humaliza betri kabla hujafika unakoenda. Ile ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, usiitupe tu kwenye begi. Mvua ikikukuta njiani, karatasi ya nailoni ya mkate inatosha: toboa tundu la lenzi, funga kwa mpira, endelea na kazi. Ukiingia kwenye nyumba yenye joto usikimbilie kuitoa kamera. Iache kwenye begi ipate joto polepole, la sivyo lenzi itashika ukungu na utabaki ukiifuta kama kioo cha gari. Nyumbani huhitaji taa za bei. Mketishe mtu kando ya dirisha, ufunge pazia jeupe, uone sura itakavyotulia. Na ukipiga watu wetu waliovaa mashati meupe, pima mwanga kwenye uso, sio kwenye shati. Kamera ikifuata shati, nyuso zote zinageuka makaa.

Hayo nayajua. Nilijifunza peke yangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini ambako kazi yangu ni kuandika risiti.

Mganga hajigangi.

Baba tulimzika kabla ya Pasaka, nyumbani, upande wa Bungoma. Aliyewahi kuhudhuria mazishi ya kwetu anajua jinsi mambo huenda. Kabla jeneza halijapelekwa kaburini, MC huita watu kundi kwa kundi wasimame nyuma yake wapigwe picha. Mjane na jamaa zake. Watoto. Wakwe. Wajukuu. Kwaya. Chama cha akina mama. Picha ya watoto ndiyo hutundikwa ukutani, ili hata mtoto ambaye hajazaliwa siku moja aonyeshwe: huyu mzee aliacha hawa.

Mpiga picha nilikuwa mimi. Hakuna aliyeniomba na hakuna aliyeniuliza. Tangu ninunue kamera, familia yetu iliamua kwamba mambo ya picha yameisha. Ubatizo ni mimi, kupeleka mahari ni mimi. Kwani tutafute mtu na wewe uko?

MC akaita watoto wa marehemu. Kaka yangu mkubwa Wafula akasimama na dada zangu wawili. Nami nikapiga hatua kuelekea huko, kamera ikining'inia shingoni. Wafula akaninyooshea mkono.

"Wewe piga kwanza! Utaingia baadaye."

Niliangalia nyuma nimpate mtu wa kumwachia kamera. Kila niliyemwona alikuwa analia au anashikilia anayelia. Kamera ina saa ya kujipiga yenyewe, lakini ile miguu yake mitatu ya kusimamia nilikuwa nimeiacha kwenye gari. Nikapiga. Kabla sijainua kichwa, MC alikuwa ameshaita wakwe.

Ilitoka picha nzuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwanga ule laini wa kivuli cha hema, nyuso tatu zenye uchungu wa kweli, jeneza la Baba likiwa sambamba na paa la nyumba aliyoijenga. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo, na inasema Baba aliacha watoto watatu.

Nimekaa nayo miezi hii yote kimya. Mara moja tu nilimwambia Wafula kwamba inaniumiza, na akaniambia nisijali, atapanga kitu.

Leo ndiyo nimeona alichopanga. Alitualika kwake Elgon View kwa chakula cha mchana, yeye na mke wake, pamoja na watu wa kanisa waliosimama nasi wakati wa msiba. Ukutani palikuwa na fremu kubwa iliyofunikwa leso. Pasta akaomba, wifi yangu akavuta leso, watu wakapiga makofi.

Nami nimo.

Nimesimama mwisho wa mstari, kando ya dada yangu mdogo. Wamenikata kutoka picha ya harusi ya Wafula, ya zamani kabla sijanunua kamera, nilipokuwa msimamizi wa bibi harusi. Studio fulani mjini imelipaka gauni langu la zambarau rangi nyeusi. Ua kichwani wamelifuta, ingawa ukiangalia vizuri utaona nywele zimebonyea pale lilipokuwa. Mwanga unawapiga wenzangu kutoka kushoto na unanipiga mimi kutoka kulia. Wao wana vivuli, mimi sina.

Na ninacheka. Meno yote nje, kichwa kimerudi nyuma kidogo, nikicheka kando ya jeneza la baba yangu mzazi.

"Surprise!" Wafula akanikumbatia. "Si nilikuambia utaingia baadaye? Sasa tumetimia, siz."

Nyumba imejaa wageni, pasta ameshika sahani, wifi ananiangalia akingoja nifurahi. Nikasema asante. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: wakaniomba niwapige picha wakiwa mbele ya ile fremu. Kila mtu akajipanga. Nikawapiga. Hata sikufikiria, mikono ilifanya yenyewe, nikawaambia wajisogeze ili kioo kisirudishe mwanga wa dirisha.

Nikiondoka Wafula akanikabidhi fremu ya pili, ndogo kidogo, imefungwa vizuri kwa gazeti. Ya Mama. Nimpelekee nikienda nyumbani, kwa sababu mimi ndiye najua kubeba vitu vya picha bila kuvunja.

Iko hapa, imeegemea ukuta karibu na jiko. Sijaifungua.

Ningeishia hapo, nikamtukana kaka yangu kidogo, nikalala. Lakini saa moja hivi Mama amepiga simu. Wafula alikuwa amemtumia picha kwenye simu na jirani alimsaidia kuifungua.

Mama hajawahi kunikaripia tangu niwe mtu mzima. Leo sauti yake ilikuwa ngumu.

"Nimeiona hiyo picha. Sasa wewe, siku hiyo ulikuwa unachekea nini?"

Nikamweleza. Kwamba ni ya harusi, kwamba nimebandikwa na kompyuta, kwamba kicheko si cha siku ile. Nilieleza haraka haraka kama mtu aliyeshikwa na askari. Mama akauliza:

"Kwa hivyo hukuwa hapo?"

"Nilikuwa, Mama. Si mimi ndiye nilikuwa napiga?"

"Mimi sikukuona," akasema. "Siku hiyo yote. Nilikutafuta na macho nikakukosa. Nikasema huyu mtoto wangu amekataa kukaa na mimi."

Siku ile nilimtazama Mama kuliko mtu yeyote. Nilimfuata kutoka asubuhi. Nina picha zake akishikwa mikono, akikataa chai, akigusa ubao wa jeneza kwa vidole viwili. Nilijua kila kunjo la uso wake. Na yeye alikuwa ananitafuta, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya kitu cheusi, na miezi hii yote amebeba neno hilo moyoni bila kuniambia.

Nina hasira na Wafula bado. Nina hasira na MC, na studio, na kila mtu aliyewahi kuniambia "wewe piga kwanza." Lakini sasa sijui hasira hii niipeleke wapi, kwa sababu haitoshi kufuta hili la Mama.

Nikamwambia Mama nitakuja Jumamosi. Akauliza kama kuna sherehe. Nikasema hakuna. Nikakumbuka fremu, nikamwambia pia Wafula amenipa picha hiyo ikiwa kwenye fremu nimletee, ataiweka sebuleni.

"Hiyo iache huko huko," Mama akasema. "Njoo wewe."