Uso Wako Ndani ya Kaseti

Birmingham, Jumapili, wiki ya sita tangu uondoke

Babu yangu mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata yale Mama aliyosema nisikuambie.

Sahani yako ya televisheni, ile ya kuzungusha, imeharibika. Siku ya msiba wageni walijaa nyumba nzima hapa Acocks Green, na wali ukaanza kuungua. Shangazi Halima akaliona lile bati lako la duara lenye matundu, akasema, "Hiki si cha kuwekea chini ya sufuria?" Akaliweka juu ya moto. Wali ulinusurika. Bati limejikunja. Hakujua, Babu, lakini bado siwezi kumtazama usoni.

"Kila tundu linachora mstari mmoja wa picha," uliniambia karakanani kwako Hockley, ukitoboa huku umebana pumzi. Ulisema televisheni za kwanza kuuzwa nchi hii zilikuwa na sahani kama hiyo ikizunguka, na picha ndogo kama stempu. Wenye uwezo walinunua iliyokamilika. Wengine walinunua vipande wakajiundia nyumbani. Kisha zikaja za mirija ya kioo, picha safi zaidi, na sahani zikatupwa. Mjomba alicheka. Ukamjibu, "Wewe yako kubwa kama mlango, na kila siku unalalamika hakuna cha kutazama!"

Kabla hujalazwa hospitalini ulirekodi picha ya uso wako kwenye kaseti ya kawaida ya muziki, ikigeuzwa mvumo ambao sahani ingeurudisha kuwa picha. Nilikuona kupitia kioo cha mlango ukiongea mbele ya taa. Ukanifukuza: "Utaniona sahani ikiwa tayari. Haina sauti, utasoma midomo."

Nikiicheza nasikia mvumo tu, kama nyuki. Nimekata sahani ya kadibodi, kisha ya bati. Nikizizungusha mbele ya ile taa yako ndogo nyekundu inayowaka kwa kufuata kaseti, naona wekundu unaotetemeka. Labda ni bega. Labda si kitu. Vipimo vya matundu vilikuwa kichwani mwako. Mwalimu wangu wa fizikia amejaribu, akatikisa kichwa, na utepe umeanza kukwaruza. Mama anasema picha zako zimejaa kwenye simu. Ni kweli. Lakini hii uliniwekea mimi.

Sidhani nitaweza, Babu. Hata hivyo nitatoboa nyingine, na baada ya hiyo nyingine, na kaseti haitatoka mikononi mwangu. Pumzika, Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko. Ila nijibu mara tu uipatapo barua hii: siku ile mbele ya taa, ulikuwa ukiniambia nini?

Mjukuu wako,
Nasra