Majivu Kuzunguka Mtungi wa Asali

Baba Stefania,

Basi asubuhi ile nikainama kuangalia majivu, na nyayo nilizoziona ni za jogoo tu. Jogoo, baba Stefania! Unyayo wa mtoto wetu sikuuona hata mmoja. Na kamba kwenye mdomo wa mtungi imefungwa vilevile, fundo lako lile la kukunja mara mbili. Nikakaa chini palepale. Maana jana yake tu sukari ya Stefania ilikuwa imepanda tena.

Najua huko uliko unauliza, majivu ya nini. Usinitazame hivyo, ni ufundi wako mwenyewe! Si wewe uliyemwaga majivu kuzunguka asali ule mwaka ilipokuwa inapungua? Unyayo ukawa wa kaka yangu, ukanisema mwezi mzima: "Ukoo wenu mna ulimi mtamu." Halafu ukamsindikiza na chupa nzima mpaka kwao Muyama. Muyama siku hizi wako Buhigwe, wamepewa wilaya yao, hata kesi hawaleti tena Kasulu. Eeh, mwalimu Adelina ananiambia nirudi kwenye habari. Yeye ndiye anaandika, mimi nina mdomo tu.

Tulipomaliza kukuzika, Stefania alitoka Kibondo akaja kukaa na mimi. Mwe! Amekonda, gauni linamvuka mabegani. Maji anakunywa jagi zima, choo hakimpi nafasi ya kukaa. Huko alikotoka walimwambia ni kisukari, kile cha watu wazima, wakampa vidonge. Anameza asubuhi, anameza jioni, mbele ya macho yangu. Akipimwa zahanati, sukari imepanda. Wakamwongezea vidonge. Imepanda. Mpimaji akamuuliza, "Dada, unakula nini kwa siri?" Akajibu, "Sili kitu." Na mimi, mama yake, nikamwamini mpimaji.

Nikaficha ndizi mbivu. Ugali nikampunguzia nusu. Na siku moja kisimani, wanawake wamejaa, nikasema kwa sauti hii unayoijua: "Binti yangu mkono mmoja anameza dawa, mkono wa pili analamba asali ya marehemu!" Wakacheka. Kugeuka, Stefania yuko nyuma yangu na ndoo yake. Akaketi juu ya jiwe, ndoo ikamshinda kuinua.

Ndipo nikamwaga majivu, nimkamate. Jogoo ndiye aliyenikamata mimi.

Nilipokaa pale chini nikakumbuka ile siku mmetoka Makere kwa miguu, wewe na yeye, ana miaka sita hivi. Ulikuwa hujatua hata mzigo wa asali. Akasimama mbele yako na kidole juu: "Baba, nimelamba. Kwa hiki kimoja." Ulicheka ukapaliwa. Ukaniambia, "Huyu hawezi kuiba. Anajishtaki kabla hatujajua." Nilisahau, mzee wangu. Nilisahau neno lako hilo moja katika yote.

Nikampeleka hospitali Kasulu, tukamkuta daktari binti mdogo, ningeweza kumzaa mara mbili. Nikamwambia yote, na habari za majivu. Nilidhani atacheka.

"Mama, una hakika hali kitu?"

"Shahidi yangu jogoo, daktari."

Akampima mkojo, akamtazama mifupa ya shingo, akasema si kila mtu mzima ana kisukari cha watu wazima. Huenda jina la ugonjwa walilikosea toka mwanzo. Mwili wa Stefania hautengenezi insulini, vidonge peke yake havitoshi. Kipimo cha kuhakikisha kiko Mwanza, lakini sindano tusisubiri. Nikaelewa haraka kuliko Stefania: ni kama kufukiza moshi mzinga usio na nyuki, halafu ukagombana na mrina asali kwamba ameila! Daktari akasema ndiyo, mama, andika hivyo. Nikamwambia ningekuwa najua kuandika ningekaa kwenye kiti chake cha udaktari.

Akauliza kama tuna friji. Friji! Akasema basi mtungi, ukae kivulini, ndani mchanga wenye maji, dawa ndani ya kopo lenye mfuniko. Mtungi mzuri nyumbani ni mmoja, unaujua. Asali nimehamishia kwenye dumu, usinune. Nimeuosha mara tatu kwa maji ya moto na sisimizi bado wanakuja kuuliza.

Sasa amenenepa. Kidole kile alichokuonyesha, ndicho anachokitoboa kupima damu. Na dumu la asali liko kichwani pa mkeka wake, maana walituambia akianza kutetemeka na kutoka jasho baada ya sindano, apewe kitamu upesi. Juzi alitetemeka. Nilimlisha asali yako kijiko kwa kijiko, mimi niliyeilinda kwa majivu. Alipotulia akasema, "Mama, angalia nyayo zako." Tukacheka mpaka nikalia.

Nilimsema mbele ya watu, kwa hiyo barua hii mwalimu ataisoma mbele ya watu, palepale kisimani. Wasikie wote: Stefania hakulamba. Mwenye kosa ni mimi. Stefania nilikwisha kumwomba msamaha, akaniuliza tu ndizi nilizificha wapi. Wewe nimekuomba pia, bado hujanijibu, lakini usiku wa jana nililala vizuri, nadhani ndiyo jibu. Nilitaka pia kukuambia habari ya ile mizinga yako ya juu, kuna mmoja nyuki wame...

"Mawe, mama! Njoo tule! Nimeshajichoma, sindano haingoji hadithi!"

Unamsikia anavyoniita? Sauti yote imerudi. Nakuja, mwanangu! Adelina, weka jina, hapo ndipo mwisho, wacha nikale na mtoto. Sahani imejaa leo.

Mkeo, mama Stefania