Swali Namba Nne

Corinne, uko? Usinipigie. Siwezi kuongea, naandika tu. Niko ndani ya gari nje ya hoteli hapa Fresno, hata injini sijawasha.

Ile semina yangu ya waajiri. Watu arobaini. Nikafika kwenye maswali ambayo sheria ya California inakataza kumuuliza anayeomba kazi. Namba nne: usimuulize mwanamke kama ana mpango wa kuzaa.

Mama mmoja wa nyuma akasimama. Nikadhani ana swali.

"Mimi uliniuliza," akasema. Taratibu kabisa. "Mwaka juzi, ofisini kwako. Ukanimiminia kahawa, ukasema, 'Vipi mpenzi, watoto unafikiria lini?' Nikakwambia nina mimba ya miezi miwili. Hukunipigia tena."

Corinne, ni Noemi Arreola. Yule niliyekwambia amewazidi waombaji wote, halafu kazi nikampa Garrett. Kumbe siku hizi ni meneja wa kliniki ya meno.

Nilimuuliza kweli. Kwa upole, huku natabasamu. Nilimuuliza, Corinne.

Mara mzee mmoja mwenye kiwanda cha lozi akaangua kicheko: "Aisee, mama, umetuweza! Igizo zuri hilo!" Wakapiga makofi. Wote. Wengine wakaandika kwenye madaftari.

Noemi hakupiga. Alibaki amesimama, ananitazama, anasubiri niwaambie kwamba halikuwa igizo.

Nikasema, "Asanteni. Twende namba tano."